Fundi Alipopewa Ofisi: Kisa cha Kiwanda cha Mikate Majengo, Mombasa

Kisa hiki ni cha kutunga, kimeandikwa kwa ajili ya kufundishia, na wahusika nimewaita kwa vyeo vyao tu. Ila mtu aliyewahi kufanya kazi katika biashara ya familia pale kisiwani hatapata tabu kumtambua kila mmoja wao.

Yaliyotokea

Kiwanda kiko Majengo, katikati ya nyumba za watu, na kimekuwepo tangu enzi ambazo boflo zilisambazwa kwa baiskeli. Leo kina wafanyakazi 40, karibu nusu yao vibarua, tanuri mbili, miksa tatu ambazo moja hufanya kazi ikipenda, tuktuk sita na pikapu mbili. Wanaoka mkate wa gramu 400, wa gramu 800, na skonzi. Mwenyewe ni Hajj, mzee wa miaka sabini na ushei, ambaye huja baada ya Adhuhuri na kukaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa stoo. Kijana wake anashughulika na wateja wakubwa: supamaketi, mashule, hoteli za Nyali na Bamburi. Bi Karani yuko chumba cha hesabu. Ndiye anayepokea simu za maduka na kuwapangia madereva njia zao.

Meneja wa zamani hakuwa mwokaji. Kila siku saa kumi na moja alfajiri alisimama getini na kikombe cha kahawa chungu, kreti zikipakiwa, akipiga soga na madereva. Ghulamu yuko wapi siku hizi, yule Mkikuyu wa kona ameongeza friji, kwa nini Kongowea wanachukua skonzi chache. Kisha alipanda juu, akaingia kwa Bi Karani, akatoka, akaenda kwenye tanuri, akatoka. Vijana walimpa jina la Bwana Geti na wakasema mshahara wake ni sadaka. Desemba akaacha kazi kumfuata mwanawe Nairobi.

Hajj hakuona haja ya kutafuta mtu wa nje, maana Fundi alikuwepo. Miaka 16 kwenye tanuri. Fundi akiugonga mkate kwa chini, sauti yake tu inamwambia umeiva au bado. Akibonyeza donge kwa kidole anajua limeumuka vya kutosha au laongezwa robo saa. Hajj alimwita, akampa funguo za ofisi, akampandishia mshahara, akamwambia: "Sasa kiwanda ni chako, Fundi. Endelea vile vile."

Januari na Februari zikapita salama. Mapema Machi mwezi wa Ramadhani ukaandama.

Chungu cha kwanza, yaani siku ya kwanza ya mfungo, tuktuk zilirudi na kreti nusu zimejaa. Fundi akasema watu bado hawajazoea. Chungu cha tatu, vile vile. Mkate wa asubuhi haukuwa na mlaji, na kuanzia saa nane mchana simu ya Bi Karani ilikuwa haipoi: Kibokoni, Bondeni, Kisauni, wote wanataka mkate laini wa kufuturu. Akawajibu wasubiri wa kesho asubuhi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia vingine. Maduka yakaanza kuchukua kwa kiwanda kingine ambacho gari lake lilipita saa tisa. Dereva wa njia ya Kisauni alimwambia bawabu tangu siku ya pili: "Hawa wanataka mkate wa jioni. Asubuhi ale nani?" Bawabu akacheka, na habari ikaishia hapo getini.

Chungu cha tano Fundi akaamua kuongeza uokaji wa mchana, bila kupunguza ule wa usiku. Waliotakiwa kuufanya ni wale wale waliotoka zamu saa kumi na mbili asubuhi. Waliambiwa warudi saa tano. Wengi wao walikuwa wamefunga. Usiku huo huo kijana wa Hajj, baada ya tarawehe, alikutana na kamati ya msikiti mmoja inayofuturisha watu, akawaahidi boflo 500 kila siku kuanzia Ijumaa. Akaiandika kwenye simu yake. Akamwambia baba yake, ambaye alifurahi. Fundi hakuambiwa: kijana alijua Hajj atamwambia, na Hajj alijua kijana ameshamwambia.

Ijumaa unga ulikandwa saa tano. Saa sita na nusu watu wakaenda kuswali, Fundi akiwa mmoja wao. Joto la Machi, wakati kaskazi inakwisha na hewa imesimama, haliulizi nani yuko msikitini. Waliporudi madonge yalikuwa yameumuka kupita kiasi, na yalipoingia kwenye tanuri yakaporomoka katikati. Treyi baada ya treyi. Fundi akavua shati la ofisi, akaingia kwenye miksa mwenyewe, akaanza upya. Simu yake ilibaki juu ya meza na ikalia mpaka ikazima.

Saa kumi na mbili kasorobo watu wa kamati walisimama mlangoni. Hajj akaingia ndani.

"Fundi, mikate ya watu iko wapi?"

"Mikate gani, Hajj?"

Mkate uliotoka tanuri dakika ile ulifungwa ungali moto, ukabonyea, na mvuke ukaifanya karatasi ya plastiki ilowe maji kwa ndani. Kamati iliuacha, ikaenda kukusanya kilichobaki madukani Mwembe Tayari, na adhana ikawakuta njiani.

Jumamosi Hajj alitaka mambo mawili. Kwanza, Fundi arudi kwenye tanuri au aende zake kabisa. Pili, gharama ya mikate iliyotupwa ikatwe kwenye mishahara ya waliokanda. Habari zilienea kabla ya Adhuhuri, na usiku huo vijana watatu hawakuja kazini.

Swali la kisa: Hajj afanye nini?

Nani hasa aliondoka Desemba

Jibu la haraka ni kwamba Fundi si meneja, basi. Nimesikia jibu hilo kila ninapokitoa kisa hiki, na lina ukweli ndani yake, ila linaruka jambo la kwanza kabisa: kiwanda kilipoteza kazi fulani Desemba, na hakuna aliyejua kuwa ilikuwa kazi.

Mkanada Henry Mintzberg, katika utafiti wake uliotolewa mwaka 1973, alifanya kitu ambacho wengi waliomtangulia hawakujisumbua kufanya. Aliwafuata wakurugenzi wakuu watano, kila mmoja kwa wiki moja, akaandika walichokuwa wakifanya hasa. Hakukuta watu waliojifungia wakipanga mipango. Alikuta siku iliyokatwakatwa: simu, mtu kuingia, barua, kikao kifupi, mtu mwingine. Nusu ya shughuli zao hazikufika dakika 9. Akazigawa kazi hizo katika majukumu 10 yaliyo kwenye mafungu matatu: ya mahusiano, ya habari, na ya maamuzi. Fungu la habari ndilo linalotuhusu hapa zaidi. Meneja hufuatilia yanayotokea ndani na nje, huyapeleka kwa wanaoyahitaji, na huwa msemaji wa shughuli yake kwa watu wa nje.

Sasa mrudie Bwana Geti na kahawa yake. Pale getini alikuwa anafuatilia, na mzunguko wake wa kutoka kwa Bi Karani kwenda kwenye tanuri ndio uliosambaza alichokusanya. Dereva wa tuktuk huona rafu za maduka thelathini kabla ya saa mbili asubuhi. Hakuna mtu kiwandani anayejua soko kuliko yeye, na hakuna anayemuuliza. Meneja wa zamani alimuuliza kila siku. Ndiyo maana Ramadhani zilizotangulia zilipita bila kelele, na kwa sababu zilipita bila kelele, watu wakaamini zilipita zenyewe.

Hili ni tatizo la kazi ya umeneja popote. Ikienda sawa haina umbo. Mwokaji ana mkate wa kuonyesha, Bi Karani ana daftari, dereva ana kreti tupu. Meneja mzuri ana siku ambayo hakuna kilichoharibika. Hajj, ambaye si mjinga, aliyatazama mambo mawili, soga ya mtu mmoja na mikono ya mwingine, akachagua mikono.

Na Fundi akaendelea vile vile, kama alivyoagizwa. Maneno yale mawili ya Hajj ndiyo maelezo pekee ya kazi aliyowahi kupewa.

Saa tano za mkate

Mfaransa Henri Fayol alikuwa mhandisi wa migodi aliyeongoza kampuni ya makaa ya mawe na chuma kuanzia 1888 hadi 1918, akiipokea ikiwa karibu kufilisika. Maandishi yake ya 1916 yanataja kazi tano za utawala: kupanga, kuweka mpangilio wa watu na vitu, kuamuru, kuratibu, na kudhibiti. Vitabu vya sasa hupunguza tano kuwa nne na kuweka kuongoza mahali pa kuamuru, na sioni haja ya kugombana juu ya hesabu hiyo. Kwenye kisa hiki kuamuru hakukuwa na kasoro kubwa. Fundi akisema, watu walifanya. Shida iko kwenye zile nyingine, na ya kwanza ni kupanga.

Mkate hauokwi kwa nusu saa. Kukanda ni robo saa hivi. Kuumua mara ya kwanza saa moja au mbili. Kukata madonge, kuyapanga na kuyaacha yaumuke tena, saa nyingine. Tanuri nusu saa na ziada. Na kupoa kabla ya kukatwa na kufungwa, saa moja na nusu au mbili. Jumla ni kama saa tano. Anayetaka tuktuk zitoke saa tisa alasiri lazima awe amewasha miksa saa nne asubuhi. Joto likizidi, kuumuka kunakimbia, ndiyo maana waokaji hutia barafu kwenye maji ya kukandia. Hayo yote Fundi anayajua kuliko mimi. Ila aliyajua kama mwokaji, yaani kuanzia pale unga unapomwagwa. Hakuyahesabu kurudi nyuma kuanzia meza ya futari.

Na meza ya futari haikuja ghafla. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida. Ile ya 2024 ilianza karibu katikati ya Machi, ya 2025 mwanzoni mwa Machi. Kila mtu Mombasa anajua kuwa ulaji unahama kutoka asubuhi kwenda magharibi. Ijumaa nayo huja kila wiki. Kuweka unga uumuke kati ya saa sita na saa nane siku ya Ijumaa, ilhali waokaji wengi watakuwa msikitini, ni kosa ambalo kalenda ya ukutani ingelizuia.

Kuna sehemu moja ya mipango hii ambayo kweli ni ngumu, nayo hakuna mhusika aliyeifikiria bado: mwisho wa mwezi. Mfungo ni siku 29 au 30, na jibu hupatikana usiku. Zaidi ya hapo, wako wanaofuata mwezi ulioonekana hapa na wako wanaofuata ulioonekana kwingine, hata nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kula Idd siku tofauti. Kwa kiwanda cha mikate maana yake ni kwamba mahitaji hugeuka tena, kwa usiku mmoja, na huwezi kujua ni usiku upi mpaka saa mbili au tatu. Hapa mpango mmoja hautoshi. Inatakiwa ratiba mbili zilizokwisha andikwa, moja ya "kesho ni Idd" na moja ya "kesho tunafunga," unga wa kutosha zote mbili uwe stoo, na mtu mmoja aliyepewa ruhusa ya kusema ni ipi. Fayol alisisitiza kuwa mpango mzuri uwe na unyumbufu. Mwandamo wa mwezi ni mtihani mzuri wa maneno hayo.

Ahadi ya boflo 500

Watu wengi wakisoma kisa hiki humkasirikia kijana. Mimi namwona kama mtu aliyefanya kazi yake vizuri katika kiwanda kisichokuwa na mahali pa kuiweka. Kuleta mteja ni sifa. Alichokosa ni pa kuandika.

Angalia jinsi amri zilivyotoka. Bi Karani anawaagiza madereva na kuyaahidi maduka. Kijana anawaahidi wakubwa. Hajj akiwa kwenye kiti chake anaweza kumwita kibarua yeyote na kumtuma. Fundi ana funguo za ofisi. Hao ni wanne, na tanuri ni mbili. Fayol alikuwa na kanuni kuwa mfanyakazi apokee amri kwa mkubwa mmoja, na biashara za familia huivunja kanuni hiyo kila siku bila kudhurika sana, kwa kuwa watu wanapendana na wanakaa karibu. Huumia siku kazi inapozidi. Kuratibu kunaonekana hakuna maana mpaka siku hiyo.

Fayol huyo huyo alitoa dawa ya upande wa pili, na naipenda kwa sababu haihitaji kikao. Alisema watu wa ngazi moja katika idara mbili waruhusiwe kuzungumza moja kwa moja, mradi wakubwa wao wajue, badala ya kila habari kupanda hadi juu na kushuka tena. Aliiita daraja dogo, kama ubao unaotupwa kutoka dau hadi ufukweni ili watu washuke bila kulowa. Bi Karani na mkandaji mzoefu wa kwenye tanuri walikuwa hatua ishirini mbali. Bi Karani angeweza kumwambia chungu cha kwanza kuwa maduka yanalilia mkate wa jioni. Hakumwambia kwa kuwa haikuwa desturi. Desturi ilikuwa kumwambia Bwana Geti.

Dawa hapa ni ndogo hadi inakera: daftari moja la oda, lenye mistari, linalokaa mezani kwa Bi Karani. Oda isiyokuwa humo kufikia saa tatu asubuhi haiokwi siku hiyo, hata kama aliyeiahidi ni Hajj. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kigumu, na nitakirudia.

Mikate inayorudi husema nusu tu

Kiwanda kilikuwa na udhibiti wa aina moja. Bi Karani alihesabu mikate inayorudi na kuiandika, na mwisho wa mwezi Hajj aliipitia. Mwisho wa mwezi mkate umeshakuwa chakula cha kuku.

Lakini hata angeipitia kila siku, hesabu hiyo ina kasoro. Mkate unaorudi unakwambia ulipeleka mingi mno. Haukwambii ni duka gani lilimaliza mapema na kuwarudisha wateja mikono mitupu. Duka lililouza mikate 40 na kurudisha sifuri linaonekana limefanya vizuri; kumbe labda liliishiwa saa kumi na lingeuza 70. Kwa hiyo namba ya pili inayohitajika ni saa ambayo mkate wa mwisho uliuzwa. Dereva anaweza kuiuliza akipeleka mzigo unaofuata: "Jana uliishiwa saa ngapi?" Karatasi moja kwa kila njia, safu mbili, iliyorudi na saa ya kuishiwa, isomwe kila siku kabla ya saa nne, yaani kabla miksa haijawashwa. Chungu cha pili karatasi hiyo ingekuwa imeshasema yale aliyosema dereva wa Kisauni, na bawabu asingekuwa na la kucheka.

Hii ndiyo tofauti ya kudhibiti na kulaumu. Hajj alipotaka kukata mishahara Jumamosi aliamini anadhibiti.

Saumu na zamu

Sehemu hii naipita haraka kwa kuwa jibu liko wazi. Kusema vijana walizembea kwa sababu ya saumu si kweli. Walikanda vizuri, wakaagizwa muda mbaya, wakiwa wamelala kwa muda wa saa nne tu. Kiwandani kuna wanaofunga na wasiofunga, Waislamu na Wakristo, watu wa Majengo na watu wa Kilifi na wa bara. Waliofunga wengi wangependa zamu ya baada ya tarawehe hadi daku. Wasiofunga wangeweza kuanza saa tatu asubuhi na kumaliza mkate wa jioni, Ijumaa zikiwemo. Hilo lilihitaji mtu wa kuuliza. Meneja asiyeuliza hujikuta anafanya hesabu za watu kama anavyofanya za magunia.

Kuhusu Fundi mwenyewe

Mmarekani Robert Katz aliandika mwaka 1955 kuwa msimamizi anahitaji ujuzi wa aina tatu: wa kazi yenyewe, wa watu, na wa kuiona shughuli nzima na namna sehemu moja inavyovuta nyingine. Kadiri mtu anavyopanda, wa kwanza unapungua uzito na wa tatu unazidi. Fayol alikuwa ameshasema karibu jambo hilo hilo miaka mingi nyuma, tena kwa majedwali.

Ujuzi wa kwanza Fundi anao kupita wote. Wa pili, kwa maoni yangu, anao pia: vijana wanamheshimu, na hao watatu hawakukimbia kwa sababu yake. Wa tatu haujulikani, kwa kuwa hajawahi kupewa nafasi ya kuutumia. Alipokuwa kwenye tanuri hakuwa na sababu ya kujua maduka ya Bondeni, na alipohamishiwa ofisini hakuna aliyempitisha.

Kosa lake halisi ni la saa tisa alasiri Ijumaa. Treyi zilipoporomoka, kiwanda kilihitaji mtu wa kushika simu: kuwaambia maduka mzigo utachelewa, kumtafuta kijana, kugundua ahadi ya kamati ikiwa bado kuna saa tatu za kununua mikate kwa kiwanda jirani, hata kwa hasara. Mintzberg angeita jukumu hilo la kutuliza misukosuko. Fundi akachagua miksa. Naelewa kwa nini. Unapobanwa unarudi kwenye kile ambacho mikono yako inakijua, na tena kila mtu alimwona akitoka jasho, hakuna aliyeweza kusema hafanyi kazi. Lakini kulikuwa na watu wanane wa kukanda na mmoja tu mwenye mamlaka ya kupiga simu zile.

Simpunguzii kosa hilo. Nasema tu kuwa miaka 16 alisifiwa kwa kuingia kwenye miksa mambo yakiharibika, na hakuna aliyemwambia kuwa Januari sifa hiyo ilikoma.

Uamuzi

Kwanza sheria, maana Hajj alikuwa tayari kuivunja mara mbili. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu au kwa udhaifu wa kazi amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua, na asikilize majibu yake. "Aende zake" ya Jumamosi si utaratibu huo. Kifungu cha 19 kinaruhusu makato ya hasara pale mfanyakazi alipoharibu kwa makusudi, na hata hapo makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Kwenda kuswali Ijumaa kwa ruhusa ya meneja aliyekuwa katika safu hiyo hiyo hakuwezi kuitwa makusudi. Makato yafutwe, na yafutwe mbele ya watu, usiku huo huo, kabla vijana wengine hawajakosa kuja.

Kumrudisha Fundi kwenye tanuri ni pendekezo ambalo si la kudharau. Wapo wanafunzi wanaolitetea vizuri: apewe cheo cha fundi mkuu, mshahara wa sasa ubaki, na meneja atafutwe nje. Lina faida ya kukiri kuwa ufundi ni ngazi inayojitegemea, jambo ambalo viwanda vyetu vingi haviamini. Kwao, ukitaka kumpandisha mtu mshahara lazima umpe ofisi. Mimi ningelifanya, lakini si katikati ya Ramadhani, na si kabla ya kumpa kazi yenyewe ambayo hakuwahi kupewa. Kubadilisha masharti ya kazi nako kunatakiwa kufanywe kwa kushauriana naye na kwa maandishi.

Kwa hiyo: Jumapili Hajj akae na Fundi, Bi Karani na kijana, saa moja tu, kabla ya Alasiri. Mkandaji mzoefu awe msimamizi wa tanuri, mwenye kauli ya mwisho juu ya maji, hamira na muda. Uokaji wa usiku upunguzwe hadi kiasi cha wasiofunga na mashule. Zamu zigawanywe kwa kuwauliza watu. Karatasi za njia zianze Jumatatu. Fundi aonekane getini wakati kreti zinapakiwa, sasa mara mbili kwa siku, na asiguse miksa ila msimamizi akimwita. Kijana na Fundi waende pamoja kwa kamati ya msikiti kuomba radhi na kuwapelekea mikate ya Jumapili bila malipo. Hilo ni jukumu la meneja kama uso wa kiwanda, na safari hiyo itamfundisha Fundi juu ya wateja kuliko semina yoyote.

Apewe hadi miezi mitatu baada ya Idd. Kipimo si mikate mingapi imeuzwa, kwa kuwa biashara itapanda au kushuka kwa sababu nyingi. Kipimo ni mara ngapi aliwahi kujua tatizo kabla ya Hajj. Kama Julai bado anakutwa kwenye miksa na simu ikilia juu ya meza, basi arudi kwenye tanuri kwa heshima na mshahara wake.

Limebaki daftari la oda. Bi Karani hawezi kumkatalia Hajj, na Fundi hawezi kumkatalia kijana. Wote wanakula kwa mkono wa familia ile. Anayeweza kuifanya kanuni ya saa tatu iwe kanuni ni mtu mmoja, na atatakiwa kuifanya siku ya kwanza ambayo rafiki yake wa msikitini atamwomba mikate 100 ya saa kumi jioni. Siku hiyo Hajj amwambie rafiki yake: "Nenda kamwone Bi Karani, ukiwahi utapata." Asipoweza kuyatamka hayo, asijisumbue kubadilisha meneja, kwa kuwa atakayekuja ataikuta Ijumaa ile ile.